Kulia Kwenu Hakuna Kitu

Tiketi ililetwa ndani ya bahasha ya harusi.
Wanangu wamechanga, mmoja Arusha, mmoja Maskati,
na Mbelwa, kitinda mimba, ndiye aliyeileta:
"Mama, umestaafu. Kapande boti. Kale kama mgeni."

Kale kama mgeni!
Miaka thelathini na mmoja nimekula nimesimama,
andazi mkono huu, faili mkono ule.

Basi nimo.
Paa la turubai, taa za rangi za sikukuu,
jenereta inanguruma chini ya meza ya kachumbari.
Nimevaa viatu visivyo vyeupe.
Nimeketi na nisiowajua: bwana wa mizani bandarini
na mkewe, Bi Tunu,
na vijana wawili wanaowapiga picha kamba wa nazi
hadi kamba wamepoa.

Kijana wa kipaza sauti anajua kazi yake.
Ile kreni. Kile Kisiwa cha Toten,
kina makaburi, msiogope, hawaogelei.
Watu wakacheka. Pale bustani, pale mnara wa saa.
Kisha mwamba ukapanda, miti ikajaa giza,
naye akasema: "Kwa sasa kulia kwenu hakuna kitu.
Endeleeni kula."

Nikaweka uma chini.

Kulia kwetu palikuwa na Bombo.

Sikuwahi kuiona toka majini.
Nani aliwahi kuona kisogo chake?
Siku zote nilikuwa upande wa pili wa kioo,
saa tisa usiku, nimelaza paji la uso,
nikitazama weusi huu huu ninaoelea juu yake,
nikiionea bahari wivu: yenyewe haina zamu.

Nikahesabu madirisha. Ghorofa ya juu, la tatu toka pembeni,
lile lisilofunga, tulilolibana kwa boksi la glavu.
Lina taa.
Ile nyeupe yenye kutetemeka. Hawajaibadili.

"Pale," nikamwambia Bi Tunu, "pale kuna mtu amesimama."
Akatazama. Akaona giza na mraba mdogo wa mwanga.
"Nani?"

Simjui. Naijua miguu yake.
Najua kifundo kinavyofura juu ya soksi,
na chai iliyoota utando juu ya jokofu la chanjo,
na anavyosema "sukuma mwanangu, sukuma,"
mwanangu mwenyewe kamzidi umri.
Namjua na yule wa kitanda cha tisa,
aliyefikishwa kwa baiskeli toka Mwakidila, mvua inanyesha.
Huyo simsemi mezani.

Tanga wanasema waja leo, waondoka leo.
Wanawasema wageni.
Mimi nimewapokea waja leo wenyewe,
kilo mbili na robo, macho bado yamefumba,
na waondoka leo
nimewafunga kwa khanga za mama zao.

Bwana wa mizani akauliza kama namaliza samaki.

Boti ikageuka Raskazone, muziki ukapanda.
Vijana wakanivuta nicheze. Nikacheza,
nisiwe mwongo, nilicheza vizuri,
goti la kushoto likanisamehe nyimbo mbili.
Tuliporudi Bombo ilikuwa kushoto,
kijana wa kipaza sauti anakula kwa mkono,
hana habari.
Nikapunga kitambaa cha meza.
Najua toka kule huonekani kitu,
ni nukta za rangi zinapita.
Mara ngapi niliziona zikipita nikasema, wenye raha hao,
nikarudi kupima presha.

"Namaliza," nilimjibu yule bwana,
lakini nikaomba karatasi ya foili.
Samaki, wali, hata ndimu.

Mlinzi wa getini ni mpya.
"Mama, saa ya kuona wagonjwa imepita. Wodi gani?"
Nikainua mfuko, bado wa moto.
"Sina mgonjwa, baba.
Kuna mtu juu hajala."